Gari ling'ae, kisima kisichafuke

*Kuosha gari nyumbani Bombolulu ni suala la chumvi, mitungi na ujirani. Mwandishi wetu anaeleza jinsi anayeanza anavyoweza kulitunza gari lake bila kumaliza maji ya ploti.*

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, mkokoteni wa maji huingia vichochoro vya Bombolulu. Mitungi ya lita 20 imepangwa safu kwa safu na kukazwa kwa mipira. Langoni mwa ploti maji hugawanywa papo hapo: huu wa jikoni, huu wa kuoga, huu wa choo. Kisha hutoka mwenye Vitz iliyoegeshwa ubavuni mwa ukuta, boneti imepauka kwa vumbi na paa lina madoa ya kunguru, naye anaagiza mitungi mitano peke yake.

Hapo ndipo maneno huanza. Jirani mwenye watoto anaona maji ya siku nzima yakimwagwa juu ya bati. Msimamizi wa ploti anakumbusha kwamba ua haukujengwa uwe karakana. Mwenye gari naye ana lake: maji ameyalipia, na pwani hii gari lisipooshwa huliwa na kutu.

Wote watatu wana hoja. Baada ya kulichunguza suala hili naamini lina ufumbuzi, tena wa bei nafuu. Gari dogo huoshwa likatakata kwa mitungi miwili, uani, bila kuacha tope. Kazi chache zinazobaki zipelekwe kwa wenye mashine na shimo la kunasa mafuta.

Maji yanatoka mbali

Bombolulu iko ng'ambo ya daraja la Nyali, kando ya barabara kuu iendayo Mtwapa na Malindi. Wageni wengi hulijua jina hili kwa sababu ya karakana zilizoanzishwa 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vito, nguo, vinyago na viti vya magurudumu. Wenyeji hulijua kwa stendi ya matatu, msongamano wa jioni, na mfereji unaoweza kukauka siku kadhaa mfululizo.

Mombasa haina mto wa kuitosheleza. Maji ya mfereji huletwa kutoka kaunti nyingine: chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la kilomita zipatazo 220 lililokamilika 1957, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, visima vya Tiwi huko Kwale, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Upande huu wa kaskazini hutegemea zaidi Baricho, na maji yale husukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika kule, mifereji ya huku hukauka. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale linatarajiwa kupunguza shida hii, lakini anayepika leo hawezi kulisubiri.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha. Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi wake. Sasa chukua mpira wa maji. Ukifunguliwa kabisa hutoa kama lita 15 kwa dakika. Ukiosha gari kwa dakika 10 huku mpira umeachwa wazi, umetumia lita 150. Hayo ni maji ya mtu mmoja kwa siku moja na nusu hadi siku tatu.

> Dakika 10 za mpira ulioachwa wazi ni lita 150, maji ya kumtosha mtu mmoja hadi siku tatu.

Cape Town, Afrika Kusini, ilipokaribia kukaukiwa mapema 2018, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya mfereji kukapigwa marufuku. Ploti nyingi za Kisauni, eneo lililo upande huu wa kaskazini, huishi na kikomo kama hicho bila amri ya serikali yoyote, kwa sababu tu mfereji haukutoa wiki hiyo. Ndiyo maana naona hesabu ya mitungi iwekwe mbele ya hesabu ya sabuni.

Chumvi haina likizo

Wapo wanaosema basi gari lingoje mvua. Kwa mtu wa Nairobi ushauri huo huenda ukavumilika. Kwa Bombolulu ni hasara tupu.

Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba matone madogo ya maji ya bahari. Maji hukauka njiani, chumvi ikatua kwenye bati. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo bati hubaki na majimaji hata siku ya jua, na palipo na mkwaruzo kutu hupata njia. Haianzii juu ya boneti unapopatazama kila siku. Huanzia kwenye kingo za chini za milango, ndani ya madigadi, na kwenye maungio ya sakafu ya buti chini ya zulia.

Tena magari yetu mengi huja yakiwa na umri. Kenya inaruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na mengi hushushwa Kilindini kutoka Japani. Yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, huenda yakafika na kutu chini kabla hayajaonja hewa ya Mombasa. Anayenunua gari la kwanza na apige magoti na tochi kabla hajavutiwa na rangi.

Halafu kuna kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani nzima. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Kinyesi chao kina asidi, na jua la saa saba likikipiga juu ya rangi, alama huweza kubaki hata baada ya kuosha. Usikikwangue kwa ukucha wala kwa kijiti. Laza juu yake tambara lililoloa maji, ngoja dakika tano, kisha liinue moja kwa moja bila kusugua.

Kivuli nacho kina gharama zake. Mwembe hudondosha utomvu unaonata, na mwarobaini humwaga majani madogo yanayojaza mtaro wa chini ya kioo cha mbele. Majani hayo yakioza huziba njia ya maji, na maji yakikosa pa kutokea huingia ndani miguuni mwa abiria. Kuyatoa kwa mkono huchukua dakika mbili. Sijui kazi nyingine ya gari inayolipa zaidi kwa dakika mbili.

Riziki ya kando ya barabara

Katika mjadala huu kuna upande ambao mara nyingi husahaulika. Kando ya barabara ya Malindi, na kwenye viwanja vilivyo wazi ndani ya mitaa, vijana huosha magari kwa mashine za presha na ndoo. Matatu, tuktuk, teksi za programu za simu na magari ya binafsi hupita mikononi mwao. Kwa kijana aliyemaliza shule bila kazi, huu ni mlango wa kwanza. Hahitaji mtaji mkubwa, na anayeosha vizuri leo kesho hujifunza kung'arisha taa, kusafisha viti na kupiga polishi.

Hoja yao ni nzito. Kila gari linalooshwa uani ni chakula kilichoondoka mezani kwao. Wanaongeza kwamba mashine ya presha, ikitumiwa na mkono uliozoea, hutumia maji machache kwa dakika kuliko mpira wa kawaida. Hilo ni kweli. Mashine ndogo za umeme hutoa chini ya lita 10 kwa dakika, zikiwa na nguvu ya kuondoa tope papo hapo.

Wenye magari wana jibu lao. Gari huachwa kwenye foleni nusu siku. Tambara lililofuta matairi ya matatu lililotangulia hufuta boneti ya gari linalofuata. Maji aghalabu ni ya kisima chenye chumvi, na gari hukaushwa na jua badala ya kitambaa. Rangi iliyokuwa laini hujaa mistari ya mviringo inayoonekana jua likiipiga pembeni. Anayetaka kulitunza gari lake miaka kumi ana sababu ya kutaka kuliosha mwenyewe.

Kisha lipo suala la maji machafu, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote. Bombolulu na mitaa jirani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huu una matundu matundu. Kinachomwagwa juu hushuka haraka, na visima vingi si virefu. Sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya majitaka, vyoo ni vya shimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye makao Mkomani, walichunguza visima vya Kisauni wakaonyesha jinsi vyoo vinavyoyaharibu maji yake. Oili, grisi na dawa za kuyeyushia mafuta zikimwagwa uani hupita njia hiyo hiyo.

> Kinachomwagwa juu ya mwamba wa matumbawe hushuka haraka, na visima vingi si virefu.

Sheria haiko kimya. Kanuni za Ubora wa Maji, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinakataza kitendo chochote kinachochafua maji, na anayemwaga majitaka ya biashara kwenye mazingira anatakiwa awe na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Mahali pa kuoshea magari panapofuata sheria huwa na sakafu ya saruji, mtaro, na shimo linalotenganisha mafuta na maji. Wanaoosha kwenye kiwanja kitupu hawana vitu hivyo, na sisi tunaoosha uani hatuna pia.

Ubaya wa kuosha gari ovyo Wakenya tumeuona kwingine. Kisumu, vijana wameosha magari kwa miaka mingi wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Victoria. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na washirika kutoka Marekani, iliwafuatilia waosha magari hao kwa sababu walikuwa wakiambukizwa kichocho tena na tena baada ya kutibiwa; sehemu ya matokeo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002. Wenzetu walioko Ujerumani nao wanajua kwamba katika miji mingi huko ni marufuku kuosha gari nyumbani juu ya ardhi isiyosakafiwa, kwa ajili ya kulinda maji yaliyo chini ya ardhi.

Mimi sisemi tupige marufuku. Nasema tugawane kazi: vumbi, chumvi ya juu na kinyesi cha ndege vitoke nyumbani kwa maji machache, na mafuta, injini na chini ya gari viende penye shimo la kunasa mafuta. Kijana wa presha atakosa kazi ya kumwaga maji juu ya paa kila wiki, lakini atabaki na kazi inayohitaji mashine na ujuzi wake, ambayo ndiyo yenye malipo ya maana.

Lita 40 na namna ya kuzigawa

Anayeanza hahitaji sanduku la dawa. Ahitaji ndoo mbili, glovu au vitambaa vya maikrofaiba, brashi ndogo ya matairi, sabuni ya magari, na kopo la kumwagilia maua. Asiye na maikrofaiba achukue fulana kuukuu ya pamba, aikate mishono yote na nembo iliyochapwa kifuani, kwa kuwa mishono na nembo huchora rangi. Dodoki la kuogea na sponji ya vyombo viachwe bafuni na jikoni. Vyote viwili hushika mchanga na kuukumbatia.

Mchanga ndio adui mkuu. Tabaka la mwisho la rangi, lile lisilo na rangi linaloleta mng'ao, ni jembamba kuliko unywele wa kichwa. Kila chembe iliyo chini ya tambara huchora mstari, na mistari ikizidi mng'ao hufa. Kwa hivyo siri yote ya kuosha gari ni kuondoa mchanga kabla ya kugusa, na kuuzuia usirudi.

Osha kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, ngoja. Breki nazo zipoe, maana maji ya baridi juu ya diski yenye moto huweza kuipinda.

Mgawo wangu wa lita 40 ni huu. Lita 10 za kwanza zimwagwe kwa kopo kuanzia paani, polepole, ili vumbi liloe na kuteremka lenyewe. Lita 8 ziingie ndoo ya sabuni. Lita 8 nyingine ziingie ndoo ya kusuuzia kitambaa, na chini yake uweke chujio la plastiki lililopinduliwa, mchanga upite matunduni na kubaki chini. Lita 14 zilizosalia, ambazo ziwe maji matamu, ni za kusuuza mwisho.

Anza na paa, kisha vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwishoni nusu ya chini ambako uchafu ni mwingi. Nenda kwa mistari iliyonyooka, usizungushe mkono. Kila baada ya kipande kimoja, kitambaa kiingie ndoo ya kusuuzia kwanza, kikamuliwe, ndipo kirudi kwenye sabuni. Suuza kipande kabla sabuni haijakauka. Kwa joto letu hukauka upesi. Matairi na rimu ni za mwisho, kwa maji yaliyobaki katika ndoo ya sabuni, kwa brashi yake na tambara lake ambalo kamwe halirudi kwenye rangi.

Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno, na chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Sabuni ya kuoshea vyombo huondoa mafuta, ikiwemo nta inayoilinda rangi. Yafaa siku moja tu, ile unayotaka kuvua nta kuukuu ili upake mpya. Siku nyingine tumia sabuni ya magari, kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo kulingana na maelekezo ya chupa.

Zipo pia sabuni zisizohitaji kusuuzwa. Unatia kiasi kidogo katika ndoo moja, unapangusa kipande kwa kitambaa kilicholoa, unakausha kwa kingine, basi. Gari dogo humalizika kwa ndoo isiyojaa. Kwa wiki ambayo mfereji haukutoa, hili ndilo jawabu, mradi gari lina vumbi tu. Likiwa na tope la Kiembeni au mchanga wa ufuo wa Nyali, lazima liloweshwe kwanza.

Maji ya kisima na alama nyeupe

Wengi huosha vizuri wakaharibu mwishoni. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya chokaa, hivyo hubeba madini. Ndiyo sababu sabuni haifanyi povu upesi. Tone likikauka juani maji huondoka na madini hubaki, na hapo ndipo hutoka zile alama nyeupe za mviringo kwenye kioo na rangi nyeusi. Kisima chenye chumvi ni kibaya zaidi, kwa sababu unairudishia bati ile chumvi uliyokuwa ukiiondoa.

Dawa ni kukausha mara moja. Laza kitambaa kikubwa cha maikrofaiba juu ya boneti, kivute kuelekea kwako bila kukandamiza, kikamue, endelea. Fungua milango, buti na kifuniko cha tangi la mafuta ukaushe kingo zake, na angalia vitundu vidogo chini ya kila mlango. Vikiziba, maji hukaa ndani ya mlango na kuuozesha kutoka ndani. Kijiti cha meno chatosha kuvizibua.

Alama ambazo zimeshakaa hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Pangusia kwenye bati lililopoa, ngoja dakika moja, suuza, kausha. Asidi za kusafishia choo, ambazo wapo wanaozitumia kwenye rimu, zisikaribie gari.

Msimu wa masika una zawadi yake. Maji ya mvua karibu hayana madini, na kwa kusuuza mwisho hayana mpinzani. Acha mvua ya kwanza ioshe paa la nyumba, kisha kinga inayofuata kwenye pipa lenye kifuniko ili mbu wasizaliane. Pipa moja la lita 200 hutosha kusuuza gari dogo mara 14 kwa mgawo tulioutaja.

Ndani kwa haraka

Ndani ya gari pwani, adui ni unyevu. Toa mikeka ipigwe jua, kung'uta mchanga, fyonza kwa mashine au tumia brashi kavu ya nguo. Zulia lililoloa lisifungiwe ndani usiku, ukungu huota na harufu yake haitoki upesi. Dashibodi hutosheka na kitambaa kilicholoa kidogo. Mafuta ya kung'arisha hurudisha mwanga wa jua kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Kioo cha mbele kisafishwe kwa ndani pia. Usiku wa mvua, taa za magari yanayokuja kutoka Mtwapa zinapogonga kioo chenye utando wa mafuta, dereva haoni.

Nta, polishi na tamaa ya kung'ara

Anayeanza huchanganya vitu hivi viwili, na gharama yake ni kubwa. Polishi hukwangua. Inaondoa sehemu ndogo sana ya tabaka la juu ili mikwaruzo ipotee, na tabaka hilo likiisha haliongezeki. Nta haikwangui kitu, inafunika. Kwa hivyo polishi ni ya mara chache, na ya mashine ni afadhali ifanywe na fundi mzoefu, ilhali nta mtu yeyote anaweza kuipaka mwenyewe uani.

Kabla ya nta, jaribu hivi. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini nailoni ya mkate ipo katika kila nyumba. Ivae mkononi, pitisha vidole juu ya boneti iliyooshwa na kukaushwa. Vidole vikihisi chenga chenga, kuna uchafu uliokwama ambao maji hayakuung'oa: masalio ya breki, saruji, utomvu. Upo udongo laini maalumu wa kuuondoa, unaoteleza juu ya maji ya sabuni. Kipande chake kikianguka chini kitupwe, hata kama ni kipya, kwa sababu kimeshaokota mchanga.

Nta hupakwa kidogo, kivulini, kipande kwa kipande, ikaachwa ikauke na kufutwa kwa kitambaa safi. Jua la Mombasa huila upesi, na mtu asitarajie zaidi ya wiki kadhaa. Kipimo ni maji: yakimwagwa na kutawanyika badala ya kujikusanya matone, nta imekwisha. Mara moja kabla ya masika na mara moja kabla ya vuli ni kiwango cha chini ninachokipendekeza, na kwa anayelaza gari nje, mara nne kwa mwaka si nyingi.

Taa hugeuka njano kwa sababu jua huichoma plastiki. Dawa ya meno huzipa nafuu ya siku chache tu. Fundi huzisugua kwa msasa laini na maji, akazipaka kinga mpya ya jua. Bila kinga hiyo rangi ya njano hurudi.

Kazi zisizofaa uani

Wapo wanaopulizia mafuta ya taa au dizeli kwenye injini na chini ya gari ili ving'ae, na wengine hupaka oili chafu chini kuzuia kutu. Oili kweli huzuia kutu kwa muda. Lakini mafuta haya hulainisha na kuvimbisha mipira ya kusimamishia gari, hukusanya vumbi, na kila yanapodondoka huingia ardhini karibu na kisima. Kinga ya kutu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inauzwa na hupakwa karakana.

Injini isimwagiwe maji na anayeanza. Alteneta, sanduku la fyuzi, nyaya za plagi na mdomo wa kichujio cha hewa havipendi maji ya nguvu. Kitambaa kilicholoa na brashi kavu vinatosha nyumbani.

Kuosha chini kwa maji matamu ya presha, mara moja kwa mwezi na kila baada ya kupita kwenye mchanga wa bahari, ndiyo pesa bora kabisa unayoweza kumlipa kijana wa mashine. Muulize maji yake yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Akikuonyesha shimo la kunasa mafuta, mrudie. Wateja wakiuliza hivyo kila wiki, shimo litachimbwa hata kabla afisa wa NEMA hajafika.

Upande wa ploti, wenye nyumba wanaojenga sasa Bombolulu, Mwandoni na Kiembeni wanatenga maegesho ndani ya ua kwa sababu wapangaji wanayauliza. Ramani za nyumba hizo ndizo pa kuanzia: sakafu ya saruji yenye mteremko mdogo kwa gari moja, mtaro mfupi, shimo la kunasa mchanga lenye kifuniko kinachoinuliwa kusafishwa, na bomba la mvua kutoka paani hadi kwenye tangi lililoandikwa kuwa ni la kuoshea tu. Mwashi akiambiwa kabla ya kumwaga zege la ua, hiyo ni nyongeza ya mifuko michache ya saruji. Akiambiwa baada ya wapangaji kuhamia, itabidi ua uvunjwe.